Uzoefu wangu: fremu 12 za paini za picha ndogo kutoka Mwanjelwa, Mbeya

Niliagiza fremu 12 za picha za rangi ya maji saizi ya A5, za kuuza hapa Mbeya na nyingine za kusafirisha Dar es Salaam. Karakana iko jirani na soko la Mwanjelwa. Bei ilikuwa shilingi 9,000 kwa moja, pamoja na kioo cha milimita 2, na kazi ilichukua siku nne. Tisa ni safi kabisa. Tatu nimezirudisha.

Mbili kati ya hizo kosa ni mbao mbichi. Paini nyingi huku inatoka Sao Hill, Mufindi, na mara nyingi hufika dukani haijakauka. Kona ya digrii 45 iliyokatwa kwenye mbao mbichi hukaa vizuri siku ya kwanza. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana, urefu karibu haubadiliki, kwa hiyo kona huachia upande wa ndani: ncha ya nje imegusana, ndani unaona mwanya mweusi kama uzi. Gundi na msumari havizuii hilo. Jaribu kupiga msasa kabla ya kulipa: vumbi likigandamana kwenye karatasi badala ya kupeperuka, mbao hiyo bado. Ipangwe ndani kwa wiki kadhaa, vijiti katikati ili hewa ipite.

Ya tatu kona zake hazikuwa za digrii 90. Pima kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili: vipimo viwe sawa. Yangu ilitofautiana milimita 4, kioo kikabanwa na kupata ufa. Mwambie fundi aache nafasi ya milimita 2 kuzunguka kioo, maana masika mbao huvimba.

Kadi ya kuzungushia picha, ile wengi wanaiita maunti, alikata vizuri sana. Kwa kioo cha A4, dirisha ni sentimita 14 kwa 20.2, likifunika milimita 4 za picha kila upande. Ukingo wa kadi juu ni sentimita 4.5, chini 5. Kingo hizo zikiwa sawa, jicho huona picha imeteremka. Usikubali kuiacha kadi hii ili kupunguza bei. Baridi na ukungu wa huku huleta umande ndani ya kioo, na rangi ya maji ikigusana na kioo hugandia na kuota kuvu.

Kasoro niliyoirekebisha mwenyewe: picha zilibandikwa kwa selotepu, ambayo hugeuka njano na kuacha doa. Nilitumia vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga, juu tu, ili picha ining'inie na iweze kutanuka na kusinyaa hewa ikibadilika. Nyuma, vipande vidogo vya mpira kwenye kona za chini huitenga fremu na ukuta unaotoa unyevu.

Fundi huyu nitamrudia, ila mbao nitapeleka zangu zilizokauka. Zinazokwenda Dar kwa basi, bandika tepu ya karatasi kwenye kioo kwa mkato wa msalaba, kisha funga mbili mbili, kioo kikitazamana na kioo na kipande cha boksi katikati.