Bomba la shaba kwenye mita ya maji: kulehemu au nati ya kubana?

Kiungo kilicholehemiwa kwa bati la kuyeyusha ni imara, hakichukui nafasi, na kikishakubali hukigusi tena kwa miaka mingi. Shida yake ni moto. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 200 na kitu, na shaba hupitisha joto upesi sana. Ukiwasha gesi karibu na mita, washa za mpira na gia za plastiki za ndani huharibika kabla hujamaliza. Halafu bomba lazima liwe kavu kabisa. Koki kuu ikivuja hata tone moja moja, maji yanageuka mvuke na bati halishiki.

Nati yenye pete ya kubana haitaki moto. Kata bomba kwa mkato ulionyooka, usiwe wa mshazari, kwangua makali ya ndani na nje, vesha nati kisha pete, sukuma bomba ndani ya kiungo mpaka ligote. Kaza kwa mkono, kisha kwa spana karibu mzunguko mmoja. Spana ya pili ishike mwili wa kiungo, la sivyo unasokota mita yenyewe. Usikaze kupita kiasi: pete ikiponda bomba, inavuja.

Mimi kwenye mita nachagua nati, kwani siku moja mita itabadilishwa. Ukipenda kulehemu, lehemu kipande cha kuunganishia mezani, kipoe, ndipo ukifunge kwenye mita kwa nati na washa mpya. Na bati liwe lile lisilo na risasi, ile metali yenye sumu. Haya ni maji ya kunywa.