Spika za 360 za sebuleni: ipi uanze nayo, na uiweke wapi

Kwenye sebule zetu watu hawakai sehemu moja, mmoja kochini, mwingine mezani anakula, watoto wako chini kwenye zulia, mama anapita kwenda jikoni, ndio maana mimi nazipenda sana spika za 360, yaani zile zinazotoa sauti pande zote. Spika ya kawaida inampendelea aliyekaa katikati, huku pembeni mnabaki na besi tu, manake besi inasambaa yenyewe ila trebo, zile sauti kali nyembamba za juu, inaenda moja kwa moja inakoelekezwa. Ya 360 inasambaza mpaka trebo. Sasa sauti hiyo lazima igonge kuta zote, kwa hiyo chumba chako ndio nusu ya spika, kiangalie kwanza kabla hujatoa hela.

Halafu sio kila kilichoandikwa 360 ni 360. Dukani omba wakuwekee wimbo wenye kayamba au taarabu yenye fidla, spika ikae mezani, wewe izunguke polepole. Ukifika nyuma kayamba ikafifia, ujue hiyo ni spika ya mbele iliyovalishwa umbo la mviringo, iache hapo hapo.

Namba moja kwangu ni jozi ya UE (Ultimate Ears) Megaboom 3. Chaji masaa 20, maji na vumbi haviingii (IP67), na besi inashuka mpaka 60 Hz (namba ikiwa ndogo, besi inashuka zaidi). Mdogo wake Boom 3 anaishia 90 Hz, ukiweka rumba utasikia gitaa la besi limekonda. Nimesema jozi makusudi kabisa: moja peke yake ni nzuri ya kubeba, ila mbili ukizigawa kushoto na kulia kwenye apu yake ndio sebule inajaa kweli. Kama bajeti inaruhusu kuna Megaboom 4 ya 2024, hiyo chaji yake ni USB-C.

Namba mbili Bose SoundLink Revolve+ II, masaa 17, ina mkono wa kubebea. Ndani spika inaangalia chini, sauti inagonga kitako maalum kisha inatawanyika, na kwa sauti za watu, iwe mawaidha, redio au mwimbaji wa taarabu, hii naipenda kuliko hata Megaboom, imeshuka nafasi kwa sababu ya besi tu. Chini ina tundu la kufungia tripodi ya kamera na hilo litumie, manake meza nyepesi inatetemeka na kuchafua sauti yote.

Namba tatu HomePod ya Apple ya 2023, tweeta 5 (vispika vya trebo) zimepangwa duara na wufa moja (spika ya besi), na inasikiliza kuta zenyewe halafu inajirekebisha, ukiihamisha inaanza upya. Kwa kujitune hakuna ya kuishinda hapa. Ila bila iPhone au iPad huwezi hata kuiwasha ifanye kazi, haipokei mziki kwa bluetuthi, haina betri, umeme ukikatika na mziki umekatika.

Namba nne ni za wenye sebule kubwa na amplifaya ya nguvu: Duevel Planets za Ujerumani, zenye vidude vya mviringo juu vinavyotawanya sauti, au Ohm Walsh za Brooklyn, zilizotokana na ugunduzi wa mhandisi Lincoln Walsh. Ohm wamezipunguza makali upande wa ukutani kwa hiyo zinavumilia kukaa karibu na ukuta.

Ya mwisho ni Bose 901 za mtumba. Zilianza 1968, zikaacha kutengenezwa 2016, spika ndogo 9 ndani, moja mbele na 8 zinapiga ukuta wa nyuma. Bila kile kiboksi chake cha ikwalaiza (cha kupandisha na kushusha besi na trebo) usinunue hata kwa bei ya bure, na fungua wavu uguse taratibu ile sponji inayozunguka spika, kama inamong'onyoka ni gharama nyingine.

Haya, umefika nazo nyumbani. Kosa kubwa ni kuzibana ukutani. Spika ikiwa sentimita 15 tu kutoka ukutani mwangwi unarudi chini ya milisekunde 1, sikio linauchanganya na sauti yenyewe na kila kitu kinakuwa tope, ukiisogeza mita moja unarudi baada ya kama milisekunde 6 na sauti inapumua. Mita moja haipo? Tafuta hata sentimita 60. Pembeni kabisa kwenye kona usiweke, besi itavuma mpaka uchoke. Kisha piga kofi moja kali katikati ya chumba, ukisikia kama mlio wa "triiing" hiyo ni tailizi na kuta tupu zinarushiana sauti, tandika zulia zito, weka pazia nene au kabati la vitabu, khanga ukutani haitoshi ni nyepesi mno. Spika ziwe urefu wa sikio la aliyekaa, kati yao kama mita 2, uzisogeze kidogo kidogo mpaka mwimbaji asikike katikati. Ikwalaiza iwe ya mwisho kabisa, na kwanza punguza, karibu na 150 Hz shusha 2 au 3 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) usikilize nyimbo kadhaa kabla hujagusa trebo. Ukipata sehemu iliyokupendeza bandika selotepu sakafuni, siku ya usafi watazihamisha tu.