Amazon kwa boti kutoka Nauta: mto umenikosha, kijijini waongeze muda

Kama kiu yako ni wanyama, safari hii ya kaskazini mwa Peru haitakuangusha. Tulipanda boti Nauta, mji unaofikika kwa barabara kutoka Iquitos, karibu na pale mito ya Marañón na Ucayali inapokutana na kuwa Amazon. Kutoka hapo tukaingia hifadhi ya Pacaya-Samiria, yenye zaidi ya hekta milioni 2.

Raha yenyewe ni matembezi ya alfajiri kwa mtumbwi. Mwongozaji anazima injini, mnatulia, halafu pomboo wa rangi ya waridi anaibuka ubavuni: kwanza unasikia pumzi yake, pwuu, ndipo mgongo unapita. Maji yalikuwa yamefurika mpaka msituni, kwa hiyo tulipenya katikati ya matawi, tukawakuta slothi, wanyama wa mitini waendao polepole mno, wamejikunja usawa wa macho yetu. Kiangazi mto hushuka mita kadhaa, na hapo mtatembea zaidi kwa miguu.

Vyumba visafi. Chakula kizuri, samaki kwa wingi.

Kilichonikera ni ziara ya kijijini. Mama mmoja alikuwa akinionyesha anavyosokota pajani nyuzi za chambira, mti wa jamii ya michikichi, na anavyozitia umanjano kwa binzari. Hajamaliza, honi ya boti ikalia. Haifai kabisa! Watu wametukaribisha kwao, tuwape hata nusu siku. Ukienda, beba noti ndogo za soli ununue vikapu kwao wenyewe; chenji ni shida.