Nduma au makadamia: utapanda kipi?

Wakulima wa Murang'a na Kirinyaga, Kenya, hulijadili hili kila mvua zinapokaribia.

Anza na maji, maana hapo ndipo wengi hukosea. Nduma, au magimbi kwa Watanzania, hupenda kukaa kwenye matope. Kando ya kijito utaona tone likiviringika kama shanga juu ya jani lake pana bila kulilowesha. Asiye na kijito huchimba mtaro, akautandika karatasi ya nailoni ili ushike maji. Mti wa makadamia, wenye kokwa za kuliwa, ukiupanda kwenye tope hilo, mizizi itaoza. Wenyewe unataka udongo wenye kina usiotuamisha maji, na nafasi ya mita 8 hadi 10 kila upande.

Kwa muda, nduma inashinda waziwazi. Baada ya miezi 6 hadi 12 unachimba, unachemsha, unakula na chai, na machipukizi unayarudisha ardhini bila kununua mbegu. Hakikisha tu imepikwa ikaiva, kwani mbichi huwasha koo. Mche wa makadamia uliounganishwa, yaani uliopachikwa kijiti cha mti mwingine, husubiriwa miaka 4 au 5, lakini ukikomaa huzaa kwa miongo.

Makadamia huuzwa hadi ng'ambo, ila bei huyumba, na inauma kuona mtu akichuma changa kwa kuogopa wezi. Nduma huishia soko la karibu.

Anayetafuta karo ya muhula ujao asitegemee mche. Mwenye mteremko na subira apande makadamia, na maharagwe katikati miti ikiwa midogo.