Leza ya kupangia vioo vya darubini: nimekaa nayo miezi minne Unguja, nawaambieni yaliyonikuta

Nianze na bei mana najua ndo mtakachouliza. Leza yenyewe nimeagiza mtandaoni kwa elfu sitini na tano, ukitia na usafiri mpaka Dar ikakaribia elfu tisini, kutoka Dar nikamuomba jamaa akanibebea mfukoni kwenye boti mpaka bandari ya Malindi hapa hapa Unguja. Muuzaji simtaji. Nyota nampa mbili kati ya tano, moja kwa sababu inawaka, na ya pili ntaieleza huko chini mana kwa kweli hakuipata kwa juhudi zake.

Darubini yangu ni ile ya vioo, aina aliyoitengeneza Newton mwaka 1668, haina lenzi mbele. Kioo kikubwa kipo chini kabisa ya bomba, upana milimita 150, na fokasi yake, yaani umbali kutoka kioo mpaka pale mwanga unapokutana, milimita 1200. Mwanga unaingia kwa mdomoni, unashuka mpaka kwa mkubwa, mkubwa anaurudisha juu, unakutana na kioo kidogo kilichokaa mshazari katikati ya bomba, hicho ndo kinautoa ubavuni unapoweka jicho. Sasa vioo viwili hivi visipotazamana sawasawa hata uwe na darubini ya mamilioni, sayari ya Mshtarii utamuona kama donge la uji. Na vinaachana hivi hivi tu, ukiibeba kwenye gari ya shamba mara mbili tatu ishaondoka.

Mie nakaa Bububu, pwani naisikia nikilala. Kama hujui chumvi inafanya nini, kitazame kitasa cha mlango wako. Kioo cha darubini hakijapakwa nyuma kama cha kabati, kimepakwa mbele, utando wa aluminiamu mwembamba hasa, milimita moja ukiigawa mara elfu kumi ndo unapata unene wake. Upepo wa kusi ukileta ule ukungu wa chumvi, na vumbi, na buibui naye keshajenga humo ndani, baada ya miaka miwili kioo changu kilikuwa hakina tofauti na cha daladala siku ya mvua.

Nikampelekea kwanza fundi mmoja wa miwani mjini. Mtu mzima, mpole, hana ubaya. "Lete nikufutie mara moja sheikh," akashika kitambaa na kichupa chake cha kupulizia. Nilikinyakua kioo mpaka akashtuka. Kwani kitambaa kikavu juu ya vumbi lenye mchanga ni sawa na msasa, kile kiutando ukishakikwaruza basi, hapo dawa yake ni kupakwa upya na kwa hapa Unguja sijui nimpe nani hiyo kazi.

Nikaosha mwenyewe na nawaambieni si kazi ya kuogopa, kazi yake ni subira. Kabla ya kufungua tia alama ya peni kwenye bomba na kwenye kitako cha kioo ili kirudi vile vile kilivyokaa. Kioo kilaze kwenye beseni juu ya taulo, mwagia maji taratibu mchanga uondoke wenyewe, vua pete. Halafu maji mengine vuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, chukua pamba ya dukani ile safi, ilowe, ivute juu ya kioo kwa uzito wake mwenyewe, usikandamize, kila mvuto mmoja pamba mpya. Ukimaliza suuza na maji ya betri. Ndio, hayo hayo wanayouza kwenye magereji, mana hayana chokaa, maji yetu ya bomba yakikauka yanaacha madoa meupe. Lakini soma chupa bwana wee! Maji ya betri na tindikali ya betri vinakaa shelfu moja. Halafu kisimamishe wima kikauke, vitone vilivyobaki uvinyonye na ncha ya tishu. Na usizowee kuosha kila mwezi, vumbi kidogo halizuii kitu, mie nikiosha tena labda mwakani au mwaka wa pili yake.

Sasa leza. Unaichomeka pale unapoweka lenzi ya jicho, inatupa kidoti chekundu chini kwenye kioo kikubwa, ambacho katikati kina kipete cha stika. Unacheza na skrubu tatu za kioo kidogo mpaka kidoti kiingie ndani ya kipete, halafu unakwenda chini kwenye skrubu za kioo kikubwa mpaka mwale urudi kati kati ya shabaha iliyopo kwenye leza yenyewe. Dakika tano. Nikafurahi, nikatoka nje, nikaelekeza kwa Mshtarii, donge la uji lile lile, nadhani na sukari imeongezeka.

Nikarudia siku tatu. Nikalaumu hewa, nikalaumu macho yangu, nikalaumu mpaka sabuni. Aliyegundua ni mtoto wa dada'angu, yupo skuli bado, alikuwa anaizungusha zungusha leza kwenye tundu lake kwa kuchezea, akaniambia "Mjomba mbona kile kidoti kinachora duara?" Alaa! Kumbe leza yenyewe imekaa upande ndani ya kasha lake. Leza iliyo sawa ukiizungusha kidoti kinatulia pale pale. Yangu ilikuwa inachora duara kubwa kama kifuniko cha chupa ya soda, yaani siku tatu zote nikipanga vioo kwa kufuata kitu kilichopinda.

Nikamwandikia muuzaji, akasema rudisha kwa gharama zako. Gharama zenyewe zinazidi bei ya leza, nikanyamaza.

Ile nyota ya pili ndo hii, inatengenezeka. Ubavuni ina viskrubu vitatu vidogo vimefunikwa na gundi, unaibandua, unahitaji alenki, kile kifunguo cha pembe sita, ndogo kabisa. Nikapiga misumari minne kwenye ubao, miwili miwili imekaa kama V, nikailaza leza juu yake, nikaielekeza ukuta wa mbali wa uani, nikawa naizungusha na kukaza kidogo kidogo mpaka kidoti kikatulia ukutani. Saa nzima na nusu. Na watoto waondoe hapo, mwale ule si wa kuingia machoni.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wakati nasubiri jibu la muuzaji nilichukua kifuniko cha plastiki kinachokaa sawasawa kwenye lile tundu la jicho, nikakitoboa katikati kabisa kwa msumari mwembamba, nikachungulia kwa hapo mchana, vioo vyote unaviona vimepangana kama sahani ndani ya sahani, unakaza mpaka vikae kati. Gharama yake sifuri! Kwa darubini ndefu kama yangu kinatosha. Wenye zile fupi nene ndo zinataka umakini zaidi, kosa dogo tu zinakuonesha.

Ukishapanga kajaribu kwa nyota. Karatasi ya maelekezo inasema tumia nyota ya kaskazini kwa kuwa haihami. Aliyeandika hajafika kwetu, sie tupo nyuzi sita kusini ya ikweta na nyota hiyo ipo chini ya upeo wa macho, utaingoja mpaka alfajiri. Tumia yoyote inayong'ara iliyo juu, ikae kati kati, ukiikuza mara 120 ndani ya dakika moja ishafika pembeni, unairudisha. Ivuruge fokasi kidogo, utaona pete ndani ya pete na kitundu cheusi. Kitundu kikiwa kati basi vioo viko sawa.

Jengine, ukishika skrubu za kioo kidogo ilaze darubini, usiisimamishe. Alenki yangu iliniponyoka, ikapiga ukingo wa bomba ikaangukia mkekani. Ingekuwa imesimama ingetua juu ya kioo nilichotoka kukiosha.

Kwa hiyo leza hii ukiipata kwa elfu thelathini na unayo misumari na subira, chukua. Kwa tisini, hapana, nunua pamba na maji ya betri, kifuniko nna vyengine viwili nshavitoboa, mtu wa huku Bububu aje achukue bure.