Mtoto mgeni Arusha: shule ya Kiswahili au mchepuo wa Kiingereza?

Kazi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huleta familia nyingi Arusha, na shule ndiyo swali la mapema.

Shule ya msingi ya serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto aliyetoka Bujumbura au Juba atahangaika mwanzoni, hilo halikwepeki, ila uwanjani lugha humwingia haraka: leo kawekwa golini kwa kukosa la kumwambia, baada ya muda anabishia faulo kuliko wenyeji. Kikwazo kinamngoja sekondari, ambako masomo ni kwa Kiingereza.

Mchepuo wa Kiingereza, yaani shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza, unakiondoa kikwazo hicho, kwa ada (na basi, na sare za kila siku ya wiki!). Lakini mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi bado akimtegemea dada wa kazi kumsemea dukani.

California nako walivutana juu ya lugha ya kuwafundishia watoto wa wageni: mwaka 1998 wapiga kura walibana ufundishaji wa lugha mbili, 2016 wakaufungulia tena.

Kwa mtoto wa darasa la kwanza ningechagua serikali, nyumbani Kirundi kiendelee. Aliyefika darasa la sita, mchepuo. Muda wa kuandaa Kiswahili cha kufanyia mtihani wa kumaliza shule ya msingi hana.