Chama cha wachoraji wa vitabu vya watoto: ada wanaijua, mkataba hawaujui

Ada ya kujiunga nililipa, ya mwaka nililipa, kadi ninayo. Nilihitaji jambo moja tu: mtu wa ofisini anisomee mkataba wa kurasa mbili kabla sijatia sahihi. Yule mama wa mapokezi, macho kwenye simu: "Sisi si mawakili wako, ndugu. Bango la semina umeliona?" Semina! Tena yenye kiingilio.

Mkataba wenyewe ulikuwa na sentensi moja ya sumu: michoro ni mali ya mchapishaji "kwa lugha zote na matoleo yote". Hapa Uganda hilo si dogo. Tangu 2007 mtaala wa darasa la kwanza hadi la tatu unataka watoto wafundishwe kwa lugha za nyumbani, kwa hiyo picha zilezile hutoka kwa Kiganda, Kiacholi, Kiteso, na mchoraji kalipwa mara moja. Tena Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inampa aliyeagiza kazi hakimiliki ya kazi hiyo, mkataba usiposema vingine. Ukinyamaza, umeshauza. Chama cha wachoraji kisichokuambia hilo siku ile ile kinapopokea hela yako kipo kwa kazi gani? Kupiga picha na wageni rasmi?

Nilikuwa naandika "msijiunge" niishie hapo. Lakini aliyeniokoa naye ni mwanachama, mzee mmoja wa kikundi cha Jumamosi, wanachama wanaokutana siku hiyo. Alifuta "lugha zote" kwa kalamu nyekundu, akaweka lugha moja, idadi ya nakala, miaka mitano, na kila lugha mpya na malipo yake. Fedha akazigawa: theluthi kwenye sahihi, theluthi rafu (michoro ya awali) zikikubaliwa, theluthi ukikabidhi. Marekebisho raundi mbili, ya tatu inalipiwa. Kitabu kikifa ukishatoa rafu, kabla hazijakubaliwa, nusu ya malipo yote ni yako. Na wakikukata ile asilimia 6 ya kodi ya zuio, dai cheti, maana bila hicho URA, mamlaka ya mapato, watakudai tena.

Ya kiwandani nayo anayajua. Usichore maneno ndani ya picha, hata kibao cha duka: toleo la lugha nyingine hubadilisha pleti nyeusi peke yake (pleti ni bamba la kuchapia, moja kwa kila rangi), na maneno ya rangi yanalazimisha pleti zote nne zifanywe upya, kisha lawama inakuja kwako. Acha nafasi pana ya maandishi, kwa kuwa tafsiri mara nyingi hurefuka. Picha ivuke ukingo milimita 3 kila upande, la sivyo kisu cha wachapaji wa Nasser Road, Kampala, kitakuachia mstari mweupe. Faili liwe dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), leya, yaani matabaka ya picha, zimeunganishwa. Ukiwapa leya wazi, watamhamisha mtoto uliyemchora kwenye kitabu hiki hadi kwenye kalenda.

Haya yote ofisi ingeyaweka kwenye karatasi moja, impe kila anayejiunga. Haijafanya.

Nyota? Ofisi moja, na hiyo ni ya kiti. Kikundi cha Jumamosi nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu mkutano wa saa nne huanza saa sita. Kama wewe ni mgeni kwenye kazi hii, basi, jiunge, lakini lipa mwaka mmoja tu. Mimi ada ya mwaka huu sijalipa, na kule Jumamosi hakuna aliyeniuliza risiti.